Kinanda Juu ya Ngoma za Mama Mdogo

Mama mdogo wangu alinipigia simu siku ya Jumapili, sauti yake ikiwa imekauka kwa kuimba. Anaishi kijijini Zuzu, na kwa miaka mingi ameongoza kikundi cha wanawake wapiga ngoma wa kanisani kwao. Ngoma zetu Wagogo mwanamke huzibana katikati ya mapaja, akazipiga amesimama, mwili wote ukifanya kazi. Magoti yake yalikuwa yamemgomea.

"Mwanangu," alisema, "ngoma kubwa namwachia mwenzangu tukishavuna. Njoo uturekodi kabla sijaiacha. Wewe unafanya kazi serikalini, huwezi kukosa kifaa."

Kifaa nilichokuwa nacho ni simu. Nilikwenda nayo mara moja, kujaribu, nikarudi na kitu cha aibu. Upepo wa kwetu msimu wa kiangazi kila mtu anaujua. Picha ilikuwa ya kuvumilika, lakini sauti ilikuwa kama mtu anachana shuka karibu na sikio lako, na nyuma kabisa, mbali, kama watu wanatwanga nyumba ya tatu, ndizo ngoma za mama mdogo. Nikaamua nitafute kamera na kinasa sauti, nijifunze, nifanye kitu cha maana.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye grupu la wapenda video.

Wengi wao ni wafanyakazi wa ofisi za serikali kule Mtumba kama mimi, watu wa mishahara ya mwisho wa mwezi na mikutano isiyokwisha. Jumamosi walikuwa wanakutana kwenye bustani moja ya nyama choma mjini. Kila aliyefika alitoa kamera kwenye begi, akaifuta kwa kitambaa laini, akaiweka mezani kati ya pilipili na ndimu, lenzi ikiwatazama wenzake. Kisha wakaanza kuzungumza habari za lenzi. Walizungumza mpaka nyama ikapoa. Nilihudhuria mikutano mingi, na sikuona hata mmoja wao akiwasha kamera yake. Mwanamume mmoja alikuwa na lenzi ndefu kama bomba la maji. Nilipomuuliza amewahi kupiga nini nayo, alisema anaisubiri safari ya mbugani. Mbuga yenyewe alikuwa hajapanga ni ipi.

Mkubwa wao alikuwa afisa habari wa wizara ya jirani, mwanamume mrefu mwenye miwani ya jua hata akiwa ndani. Wenzake walimwita dairekta. Nimekuja kujua baadaye kuwa jina hilo alijipa mwenyewe.

Nilimuuliza swali langu kwa heshima zote. "Kaka, nataka kurekodi ngoma. Ni nje, uwanjani, kuna upepo mkali. Ninunue nini?"

Akavua miwani, akaipangusa. "Dada, swali lako limeanzia katikati. Kwanza niambie, unataka mtazamaji apate hisia gani?"

"Nataka azisikie ngoma."

Wakacheka meza nzima. Yeye hakucheka, alinihurumia. Akanieleza kuhusu ukubwa wa kihisi, kile cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kuhusu mandhari ya nyuma kuwa na ukungu, kuhusu rangi zinazofanana na za sinema. Alitumia maneno ya Kiingereza mahali ambapo Kiswahili kingemfichua kwamba hana la kusema. Nilipomrudisha kwenye sauti, alipunga mkono kama anafukuza nzi.

"Sauti ni jambo la kuhariri, dada. Tunaitengeneza mezani."

Nimefanya kazi masjala muda mrefu. Namjua mtu ambaye hajawahi kulifungua jalada analolizungumzia. Nikamaliza soda yangu nikaondoka.

Kamera niliipata Kizota, kwa mpiga picha wa pasipoti aliyekuwa anafunga studio yake arudi kwao. Ilikuwa ndogo, imechubuka pembeni, kifuniko cha betri kimeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Nilimwomba niijaribu, nikairekodi karakana ya kuchomelea mageti iliyokuwa ng'ambo ya barabara, nikaona cheche zinaonekana cheche na moshi unaonekana moshi. Hilo lilinitosha. Kinasa sauti nilikinunua kipya, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji, na kwa fundi cherehani wa jirani nikashonewa kofia ya manyoya ya kukivika, iliyokatwa kwenye zulia la bafuni. Kilifanana na panya aliyelowa. Lakini nilipokisimamisha juu ya ukuta wa uani, upepo ukivuma na mabati ya jirani yakipigapiga, niliposikiliza nilisikia mabati, nikasikia jogoo, nikasikia mama wa nyumba ya pili akimgombeza mtu. Upepo wenyewe ulikuwa umebaki nje.

Nilifanya kosa la kuwasimulia kwenye grupu nitarekodi wapi na lini. Dairekta alinipigia simu dakika hiyo hiyo.

"Wagogo, ngoma, vumbi, jua! Hayo ndiyo maudhui, dada. Tutakuja kukusaidia."

Nilimwambia sihitaji msaada. Alisikia neno "msaada" tu.

Siku ya ngoma walifika Zuzu kwa gari, yeye na wenzake wawili waliobeba mabegi. Nisiwanyime haki yao: waliamkia vizuri. "Shikamoo mama," dairekta alimwambia mama mdogo, akainama kidogo. Mama mdogo akaitikia marahaba, akawakaribisha viti, akamtuma mtu achemshe chai. Wanawake walikuwa tayari, shanga shingoni, njuga miguuni, ngoma zimeshaanikwa juani ngozi ikaze.

Wakakaa hivyo asubuhi nzima. Dairekta alikuwa anafunga na kufungua vitu. Alikuwa na mkono wa umeme wa kuzuia kamera isitikisike, na mkono huo ulikataa kutulia. Ulikuwa unageuza kamera chini kila alipouwasha, kama ng'ombe anayetafuta majani. Alikuwa na vioo vyeusi vya kupunguza mwanga, akavisahau mjini. Jua likapanda, likawa jeupe, vitenge vyote vikapoteza rangi. Wanawake wale walikuwa wameacha mashamba na watoto, wakasimama wakimwangalia mtu mzima akigombana na betri.

Hatimaye akawa tayari. Mama mdogo akabana ngoma kubwa, akainua mikono.

"Subiri mama!" dairekta akapaza sauti. "Kwanza mcheze bila kupiga. Nataka mikono tu, polepole."

Mama mdogo akaishusha mikono. "Bila kupiga, baba?"

"Ndiyo mama. Kama mnapiga, lakini msipige."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akageukia ukuta mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lakini mgeni ni mgeni, na huyu alikuja na gari. Wakafanya alivyotaka. Nimeshuhudia mambo mengi ya kipumbavu katika utumishi wa umma, lakini sijaona lingine la kufanana na wanawake wazima kumi na kitu, wamevaa njuga, wakijitahidi zisilie, wakipapasa hewa juu ya ngoma zao ili bwana mmoja apate mikono.

Kisha akarusha droni.

Ilinguruma juu ya miti ya mikungugu, ikashuka karibu na zizi la jirani, na ndama wakavunja miba ya zizi wakatoka. Walikimbilia kwenye zabibu za watu. Wanawake wakatupa ngoma chini wakawafuata, njuga sasa zikilia kwelikweli, wakipiga kelele kwa Kigogo. Dairekta alikuwa anaruka kwa furaha. "Endeleeni! Endeleeni hivyo hivyo! Imekaa vizuri sana!"

Mwenye zizi akaja na fimbo. Alikuwa mzee mkavu, shuka begani, hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Ndege huyu ni wa nani?" Dairekta wa filamu, mtaalamu wa hisia za watazamaji, alikuwa ameshaingia kwenye gari na kufunga mlango. Wenzake wakaninyoshea kidole mimi. Mama mdogo ndiye aliyemwomba radhi, kwa niaba ya watu ambao hata majina yao hakuyajua, na mchana huo huo wanawake wake wakaenda kukata miba wakaziba zizi. Gari lilikuwa limeshaondoka. Betri zote zilikuwa zimekwisha, dairekta alisema kupitia dirishani, na alichopata kilitosha.

Tukala ugali na mlenda, tukapumzika. Jua lilipolegea na rangi za vitenge zikarudi, nikasimamisha stendi yangu karibu na ukuta, nikakiweka kinasa sauti juu ya kinu kilichopinduliwa, na kofia yake ya zulia la bafuni. Mama mdogo akakitazama. "Hicho nacho kinauma?" Nikamwambia hakiumi. Sikuwaambia waanze. Walianza wenyewe, kwa sababu walikuwa wamenyimwa ngoma siku nzima.

Sitajaribu kuieleza ile sauti. Mama mdogo alipiga, akaimba, akawaitikisha, jasho likimtiririka. Katikati ya wimbo wa tatu au wa nne goti likakataa. Hakuanguka. Aliisukuma ngoma kwa mwanamke aliyekuwa kushoto kwake, yule akaibana pasipo kupoteza hata pigo moja, na mama mdogo akaketi chini vumbini, akaendelea kuimba akiwa amekaa. Hivyo ndivyo ngoma ilivyokabidhiwa, wiki kadhaa kabla ya siku iliyopangwa kanisani, baada ya mavuno.

Nilikuwa nalia, kwa hiyo sikuitazama kamera. Mwanamke mmoja mnene alikuwa amesimama mbele ya lenzi, akanipa mgongo kwa wimbo wote. Katika video yangu makabidhiano hayo yanaonekana pembeni ya kitenge chake, kipande tu: mkono wa mama mdogo, ngoma ikihama, mkono mwingine. Lakini sauti yote ipo.

Nilihariri jioni baada ya jioni kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa ikipata joto kama pasi. Kazi yangu ilikuwa kukata mwanzo na mwisho, na kuilinganisha picha na sauti, ambalo si jambo dogo kwa mtu anayejifunza. Unatafuta pigo moja la mkono na kishindo chake, unavisogeza mpaka viangukiane. Sikuongeza kitu.

Dairekta alituma ujumbe kwamba yake pia iko tayari, na kwamba atailetea jamii ya Zuzu uzinduzi. Neno "uzinduzi" ni lake. Alikuja na mashine ya kurushia picha ukutani, ukumbi wa kanisa ukajaa.

Filamu ilianza na jina lake. Likatoka gizani polepole, likang'aa, likazunguka, likapasuka likawa cheche. Baadaye likaja tena, mahali pengine, kama mtayarishaji. Kisha Zuzu kutoka angani. Kisha mikono ile iliyopapasa hewa, polepole, polepole sana, vumbi likielea. Kisha wanawake wakikimbiza ndama, polepole, wakionekana kama watu wanaoshangilia jambo. Na juu ya vyote hivyo, tangu mwanzo hadi mwisho, kinanda. Kinanda cha huzuni, cha kununuliwa mtandaoni, cha kuwekwa kwenye tangazo la bima ya mazishi. Ngoma haikusikika hata mara moja.

Ilipokwisha watu wa mjini aliokuja nao walipiga makofi. Mama mdogo, aliyekuwa mstari wa mbele, aliuliza kwa upole, "Sasa baba, sisi ni mabubu?"

"Hapana mama. Kinanda kinaleta hisia. Ngoma zingezifunika hisia."

"Zingefunika nini?"

"Hisia, mama."

Mama mdogo akamgeukia jirani yake akamweleza kwa Kigogo. Sitatafsiri alichosema. Mstari mzima uliangua kicheko, na mwanamume yule akatabasamu akidhani kinanda kimeeleweka.

Nikaomba spika za kwaya, nikaweka yangu. Ule mgongo ulipojaa ukutani ukumbi ulivunjika mbavu, na mwenye mgongo akajifunika uso kwa khanga. Halafu pigo la kwanza likatoka kwenye spika, na vicheko vikakatika. Wakaanza kuitikia. Wimbo ulipofika pale sauti ya mama mdogo inaposhuka chini, kwa sababu ameketi, yule aliyepokea ngoma akainuka kwenye benchi akaanza kupiga mapaja yake mwenyewe kwa viganja.

Dairekta alinifuata mlangoni. Aliniambia fremu yangu haikupangwa, kwamba mgongo ule umeharibu kila kitu, na kwamba hata hivyo sauti si mbaya. Nimtumie faili aichanganye na picha zake, jina langu ataliweka mwishoni, kwa herufi ndogo. Nilimwambia hapana. Akauliza kwa nini. Nikapanda bodaboda.

Mwaka huu kazini kwetu wameanzisha mafunzo ya video kwa maafisa, na mwalimu ni yeye. Niliandikishwa bila kuulizwa. Nilikaa saa moja na nusu nikisikiliza habari za kihisi na ukungu wa nyuma. Kinanda kilikuwemo kwenye mifano yake yote. Wakati wa chai niliona vijana wapya wamemzunguka, wenye akili, wenye hamu, wakiandika kila alichosema, na nikawaonea uchungu kuliko nilivyomchukia yeye. Niliacha kikombe dirishani nikatoka.

Mama mdogo naye hajaridhika. Anasema sauti yake imekauka mno katika ile video, na kwamba mgongo wa mtu si kitu cha kuachia wajukuu. Anataka turudie tukishavuna.