Farao wa Lindo Letu

Mdomo huu utaniponza. Nilifungua kundi la simu hapa Karama, sisi walinzi tujadili fungu la Torati la kila wiki. Akajiunga mtu asiye na jina wala picha, mwenye maswali matamu. Nami nikajiona mwalimu kweli!

Wiki ya Farao nikatuma sauti: "Jamani, Farao tunaye kazini. Ni Sir, msimamizi wetu. Ukimwomba likizo, moyo unakuwa mgumu kama zege."

Yule asiye na jina akauliza, "Na pigo la vyura lilikuwaje?"

Nikaeleza kwa madaha: vyura mpaka kitandani.

Asubuhi kazini, Sir, Mganda aliyezoea kutusemesha Kiingereza tu, akanisogelea, akasema kwa Kiswahili safi:

"Mwalimu, likizo nimekupa. Vyura kitandani sitaki."