Gitaa Ambalo Halikuwa Bovu

Nilinunua gitaa lile bila kuliona. Niliona sanduku tu, refu na jeusi, limelazwa chini ya mti wa mkakaya kwenye uwanja wa nyumba ya Mzungu mmoja mtaalamu wa visima, aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Vitu vyake vyote alikuwa amevitoa nje: friji, magodoro, vitabu, mapazia. Watu walikuwa wanazunguka wakigusagusa, kwa maana miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia, macho yetu yalikuwa bado hayajazoea kuona vitu. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni juzi tu.

Mimi nilikuwa fundi wa mashine za kuchapa katika ofisi moja ya serikali. Nilitokea Songea, nikahamishiwa Dodoma kikazi, nikaoa hapa hapa binti wa Kigogo kutoka upande wa Msalato. Yeye alikuwa fundi cherehani. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mtaa wa Kikuyu, kimoja cha kulala, kingine cha kila kitu. Mwaka ule ofisini zililetwa kompyuta mbili, zikafunikwa kwa vitambaa, na wapiga chapa wakaanza kunisalimia kwa sauti ya chini, kama watu wanaomsalimia mgonjwa. Nikawaza kwamba fundi mwenye akili atafute kitu kingine cha kutengeneza. Nilikuwa napiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa letu. Nikaona niwe fundi wa magitaa.

“Hii ni nini?” nilimwuliza yule Mzungu.

“Gitaa,” akasema.

Nikajaribu kuliinua sanduku. Zito kupita mashine mbili za kuchapa.

“Gitaa la umeme?”

“Ndiyo. Gitaa ya miguu.” Akapiga mguu wake chini mara mbili, kisha akalitupa goti lake pembeni, akacheka. Nikacheka naye. Sikuelewa hata kidogo, lakini nilikuwa nimeshaweka nia, na fedha ya kununulia baiskeli ilikuwa mfukoni. Akaongeza amplifaya ndogo na kisanduku kizito cha chuma chenye waya, ambacho nilidhani ni cha kuchajia betri. Hicho nilimwachia jirani yangu aliyenisaidia kubeba.

Nyumbani tulifungua pamoja, mke wangu na mimi. Hakukuwa na shingo. Hakukuwa na tumbo. Palikuwa na ubao mpana uliong'arishwa, juu yake nyuzi kumi, na chini ya nyuzi mistari iliyochorwa tu, haina kina. Nilipoupindua ubao nikaona kitu nilichokifahamu: fimbo nyembamba za chuma kama spoki, springi, na vidude vya kuvutia, vimepangwa safu kwa safu, sawasawa na tumbo la mashine ya kuchapa. Palikuwa na miguu minne ya kukaza kwa skrubu, mtambo wenye pedeli tatu, na vyuma vinne vya kuning'inia ambavyo sikujua ni vya nini.

“Ni meza ya kupigia pasi?” mke wangu akauliza.

“Ni gitaa.”

“Sasa utalishikia wapi?”

Ndani ya sanduku kulikuwa pia na kipande cha chuma kizito, laini, mviringo, kimechongwa ncha upande mmoja kama risasi. Sikuijua kazi yake. Mke wangu alikipeleka jikoni na kwa muda wa wiki moja kikawa cha kupondea karanga.

Nilichomeka amplifaya ukutani. Ilinguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Ilikuwa ya umeme mdogo wa kwao, na kile kisanduku cha chuma nilichomwachia jirani ndicho kilichotakiwa kukaa katikati. Hilo nililijua baadaye sana. Siku ile nilisema tu kwamba nimeuziwa kitu kibovu, na kuanzia hapo kila nilichokiona nilikiona kwa jicho hilo.

Nilibonyeza nyuzi kwa vidole nikakuta ziko juu mno, hazifiki kwenye ubao. Ubovu wa kwanza. Nikazipima sauti moja moja: uzi wa kwanza, ulio mbali kabisa na mpigaji, haukuwa wenye sauti ya juu kuliko zote, wa tatu uliupita. Kwa gitaa ninalolijua mimi, nyuzi hushuka moja baada ya nyingine kama watoto waliosimama kwa urefu. Ubovu wa pili. Kisha nikaunga zile fimbo na pedeli, nikakanyaga, na nyuzi mbili zikabadilika sauti. Nikaachia, zikarudi. Nikakanyaga tena. Huu ndio ulionisumbua kuliko yote. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuona mashine nzuri inayobadili maneno yake kwa sababu mtu ameigusa kwa mguu. Nikasema mahali fulani kuna kitu kinateleza.

Nilifanya kazi kila jioni nikitoka ofisini. Niling'oa fimbo zote nikazilaza kwenye gazeti. Nikazibana springi zisicheze. Nikazituni nyuzi upya kwa mpangilio niliouona wa haki, na mbili zikakatika. Nikazifidia kwa waya wa breki ya baiskeli, niliouchambua uzi mmoja mmoja. Mwishoni ukikanyaga pedeli hakuna kilichotikisika. Nilifurahi sana.

“Limepona,” nikamwambia mke wangu.

Siku ya pili yake nilimwita mwalimu wa kwaya aje alione. Alikuwa mtu mpole, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande anaposikiliza. Alilizunguka mara mbili.

“Kazi nzuri,” akasema. “Sasa linapigwaje?”

Nikafungua mdomo. Ndipo nikagundua kwamba katika muda wote ule sikuwahi kujiuliza swali hilo.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, redio ilikuwa inacheza nyimbo za kigeni za wachunga ng'ombe, zile nilizozipenda tangu ujana. Ndani yake huwa kuna sauti moja inayopanda na kuteleza kama mtu anayelia huku anajizuia. Mke wangu alikuwa anapinda suruali kwenye cherehani. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

“Hiyo sauti inatolewa na nini?”

“Gitaa,” nikasema.

“Vidole gani hivyo? Sikiliza. Uzi mmoja umesimama, mwingine unavutwa taratibu. Huo unavutwa na kitu.” Akaugeukia ule ubao. “Yule Mzungu alikuambia nini, siku ile?”

“Aliniambia gitaa ya miguu.”

“Akafanyaje?”

“Akakanyaga chini. Akatupa goti.”

Mke wangu alinitazama kwa huruma. “Baba watoto,” akasema, “rudisha vile vyuma.”

Hapo ndipo aibu iliponishika, kwa sababu sikuwa nimeandika popote kila fimbo ilitoka wapi. Kufungua bila kuandika ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, lakini mimi nilikuwa nimeamini sitazihitaji tena. Nilizirudisha kwa kubahatisha, nikifuata alama za kutu na mikwaruzo. Zilizobaki nilizitia palipokuwa na tundu. Vile vyuma vinne vya kuning'inia vikapata kazi pia: ukikaa, vinagusa magoti.

Mke wangu alivuta kigoda chake cha cherehani, akakaa. Mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye pedeli, bila kutafuta. Akaenda jikoni akarudi na kile chuma cha kupondea karanga, akakifuta kwa khanga, akakilaza juu ya nyuzi pasipo kuzikandamiza, akadonoa mbili kwa dole gumba, akakisogeza, na wakati huo huo akakanyaga.

Bila amplifaya sauti ilikuwa ndogo, ya kusikika chumbani tu. Lakini ilikuwa ndiyo ile. Uzi mmoja ulipanda, mwenzake akamngoja. Nilisimama na bisibisi yangu nisijue kama nimelitengeneza au kama lilikuwa zima tangu lilipotoka kwa mwenyewe na mimi ndiye niliyekuwa ugonjwa wake.

“Umejuaje?” nikauliza.

“Sijui,” akasema. “Mikono inafanya lake, miguu inafanya lake, goti linasukuma. Si ndiyo kazi yangu ya kila siku?”

Kutoka siku ile nilikuwa fundi wake. Aliniagiza nyuzi kama anavyomwagiza mtu vifungo. “Huu ushushe. Bado. Bado. Umepita, rudi.”

“Hapo siyo noti,” nilimwambia, maana nilijua solfa.

“Siyo noti ya nani?”

Baba yake, marehemu, alikuwa mpiga zeze, na mke wangu alikuwa anatafuta sauti za zeze lile, ambazo mimi mtu wa kuja sikuwahi kuzielewa. Kwangu nyingine zilikuwa juu kidogo ya haki yake na nyingine chini. Kwake zilikuwa nyumbani. Nilizifuata bila kuzisikia, kama mtu anayeandika barua kwa lugha asiyoijua kwa kunakili herufi tu.

Mwalimu wa kwaya alituruhusu kulitia gitaa kwenye amplifaya ya kanisa. Mazoezi ya kwanza lilinguruma kama bomba la gesti lililokosa maji, na mke wangu alipogusa chuma akaruka.

“Kimening'ata!”

Nilikagua waya wote, nikabadilisha plagi, kikamng'ata tena. Siku tatu sikulala vizuri. Mwishowe nilifunga waya kwenye bati la amplifaya nikaupitisha dirishani hadi kwenye msumari mrefu nilioupigilia ardhini, ule mng'ato ukapungua lakini haukwisha, hadi nilipomwagia msumari ndoo ya maji. Udongo wetu ulikuwa mkavu mno hata umeme haukuukubali. Basi ikawa kazi yangu kila Jumapili kabla ya ibada, kumwagilia msumari. Waumini waliopita walidhani nimepanda ua.

Mke wangu alipiga kwenye sikukuu ya mavuno. Wazee wa kanisa walikuwa wamesitasita, mmoja akauliza kama hicho chombo si cha baa, lakini mke wangu alipoanza swali hilo likaisha. Akina mama waliotoka vijijini walianza kutikisa mabega wakiwa wamekaa, taratibu, kisha wakasimama. Mimi nilikuwa nyuma na gitaa langu la kawaida, nikitafuta chodi ya kumsindikiza. Kila niliyoijaribu iligombana naye. Mwishowe nikaacha kupiga nikawa nashika tu nyuzi. Nilimwonea fahari, na nilimwonea wivu, na hivyo viwili vilikuja pamoja kiasi kwamba nilipoulizwa mlangoni kwa nini nina machozi sikuweza kusema ni ya kipi.

Mwaka uliofuata nilipunguzwa kazi. Wiki ile ile alifika kanisani Mzungu mwingine wa mambo ya visima, na alipoona gitaa akapiga kelele kama aliyekutana na ndugu. Mwalimu wa kwaya, aliyejua Kiingereza, alimleta nyumbani, tulikolirudisha baada ya ibada. Mgeni alikaa, akatia chuma, akakanyaga, na uso wake ukakunjamana. Akakanyaga nyingine. Akainama kuchungulia chini. Akasema jambo refu.

“Anauliza limepatwa na ajali?” mwalimu akatafsiri.

Alichukua karatasi akaniandikia nyuzi zote kumi zilivyotakiwa kuwa. Nikasoma: wa tatu ulikuwa juu kuliko wa kwanza. Ndivyo lilivyokuwa siku niliyolifungua. Alisema anaweza kulirudisha lote katika hali yake kwa mchana mmoja, na mimi, niliyekuwa nimekosa kazi na nimechoka kutojua, nilitaka sana. Nilitaka mtu mmoja duniani aniambie hivi ndivyo, na iwe hivyo.

“Akishalisahihisha,” mke wangu akamwuliza mwalimu, “mimi nitapiga nini?”

Mwalimu alitafsiri. Mgeni akampisha kigoda. Mke wangu alipiga wimbo mmoja wote, wa kuita mvua, na mgeni akawa anatazama miguu yake, kisha mikono, kisha miguu. Ulipokwisha alisema maneno machache.

“Anasema hajui,” mwalimu akasema.

“Hajui nini?”

“Amesema hivyo tu.”

Alikula nasi ugali na mlenda, akashukuru, akaenda. Karatasi yake niliiweka kwenye Biblia.

Baada ya mwezi hivi kimoja cha vile vidude vya kuvutia nyuzi kilipasuka. Mchomeleaji wa mtaani alikigeuza geuza akanirudishia; chuma cha namna ile kingeyeyuka chote, alisema. Nilichonga kingine kwa tupa kutoka kwenye koki ya shaba iliyozeeka, kazi ya siku nne, nikakitia. Mke wangu akakaa, akakanyaga pedeli ya katikati. Ukapanda uzi uliotakiwa kupanda, na mwingine, ambao haukuungwa na chochote, ukashuka.

Nilipiga magoti nikatazama chini. Nikamwambia akanyage tena. Ukashuka tena. Nilifuata kila fimbo kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Umefanya nini?” akauliza kutoka juu.

“Sijui.”

Alikanyaga mara ya tatu, pole pole, akisikiliza.

“Usiguse,” akasema, akaanza kutafuta wimbo unaoifaa.