Sahani Iliyorudi Nzima

Msianze na "Sumbawanga tena!" Najua mji wetu unavyosemwa kwa uchawi. Hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, mgahawani kwangu karibu na stendi, na aliyelileta hakuwa Mfipa.

Alikuja na wapiga picha wawili kutoka Dar. Ni yule mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha kuokoa migahawa inayokufa. Wangu ulikuwa unakufa kweli, siwafichi. Wateja walishahamia kwa wakaanga chipsi. Rafiki yangu Mama Ester, wa Laela, aliokolewa kabla yangu. Alipewa viti vipya, ukuta ukapakwa rangi, na mbele ya kamera akatamka alichoambiwa: "Nimeshindwa. Jiko nimekuachia." Tangu siku hiyo hasikii chumvi wala sukari. Mpishi huyo! Anaomba wateja wamwonjee mchuzi. Mimi nilidhani ni ugonjwa tu.

Kwangu mgeni hula kwanza, maneno baadaye. Nikampakulia ugali wa ulezi na samaki, mgebuka wa Kabwe. Akamega, akachovya, akatafuna, akakunja uso kwa ajili ya kamera.

"Mama, hiki chakula kimechoka."

Alikula muda mrefu mpaka jasho likamtoka. Nilipokwenda kuondoa sahani, niaminini, ugali ulikuwa mzima vilevile nilivyoupakua, hauna hata alama ya kidole. Samaki hajaguswa. Nimeosha vyombo maisha yangu yote, mimi nisiijue sahani iliyoliwa? Mpiga picha mmoja naye aliiona. Akainamisha kichwa.

Mgeni wangu anatabasamu.

"Sasa sema, mama. Nimeshindwa, jiko nimekuachia."

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nawaapia. "Nimeshi..." Hapo nikamkumbuka Mama Ester, ameshika mwiko analia. Hasira ikanipanda. Nishindwe na nani? Na huyu asiyeweza kumeza tonge?

"Kaka," nikamwambia, "mimi sijashindwa. Kula kwanza, umalize, ndipo tuongee."

Nikamrudishia sahani, kamera inatazama. Hakuigusa. Tabasamu likampotea, akainuka, akaondoka bila kuaga. Aliponipita mlangoni hakuwa na harufu yoyote, hata ya jasho lile.

Kipindi changu hawajakionyesha mpaka leo. Na lile nusu neno lilinigharimu: upande wa kushoto wa ulimi wangu umekufa, hausikii chumvi. Wa kulia ni mzima, na ndio ninaopikia. Viti vyangu ni vya zamani, kimoja kinayumba, wateja wachache, lakini wanalamba vidole. Jumamosi Mama Ester hupanda basi kutoka Laela, tunapika pamoja. Yeye anakoroga, mimi naonja. Tunacheka sana siku hizo.

Kwa hiyo ninyi wenye migahawa, akija mtu wa kuwaokoa, mpakulieni. Msimsikilize anavyosema, tazameni sahani. Na yeye, kama ananisikia huko aliko, ajue mlango wangu uko wazi na chakula chake kipo. Aje amalize.