Karafuu Maiti Bombani

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Asubuhi ile hapa Kibiti mjukuu wangu alikunywa kikombe cha maji ya bomba, akakunja uso. Nikayanusa. Karafuu maiti! Na maji ya idara yalikuwa yamekatika tangu alfajiri. Sasa haya ya kijanikijani yalikuwa yanatoka wapi?

Kwenye nyumba iliyo juu yangu hapa mteremkoni kulikuwa na msiba. Mama wa jirani yangu alifariki usiku, na mimi na jirani huyo tulikuwa tunasalimiana kwa shida tangu mbuzi wake wamalize mihogo yangu. Bomba letu ni moja. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, huyu kamtilia mtoto kitu.

Nikajifunga khanga, nikaenda kutoa pole huku macho yanatafuta. Uani walikuwa wamezungushia mashuka, na ndani yake pipa la maji ya kumuoshea marehemu, limeshatiwa majani ya mkunazi na karafuu maiti. Mpira wa maji ulitoka kwenye koki yao ukazama mpaka chini ya pipa, na koki wameiacha wazi. Hapo nikaelewa. Bomba likikauka, anayefungua koki huku chini mteremkoni anayavuta maji ya pipa kupitia mpira uleule. Hakuna aliyenilenga mimi. Mtaa mzima wa chini ulikuwa unayanywa.

Nikatumbukiza mkono niutoe mpira. Jirani yangu akaingia, akanikuta maji yamenifika kwenye kiwiko.

"Umetia nini kwenye maji ya mama yangu?"

Nilimweleza habari ya mpira. Kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunikazia macho. Waoshaji wa maiti walilipindua pipa, wakayamwaga yote. Iliniuma, ingawa ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Maji yaliporudi wakajaza upya, na mpira wakauzamisha tena hadi chini. Nikapita nyumba za mteremkoni kuwaomba wasinywe mpaka maziko yapite. Waliniitikia vizuri, na hakuna aliyefunga koki yake.

Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeacha kuyanywa. Walikuwa wamesikia kutoka msibani kwamba nimeyatia dawa. Sikukanusha.