Mrija wa Mgongoni

Mimi niliyeanza kwa kusukuma toroli la miwa kule Ruaha hadi kumiliki malori matatu, niliamini hakuna kitu kingenishangaza. Kisha jiwe likaziba njia ya mkojo, nikafikishwa hospitalini Mikumi nikitetemeka kwa homa.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu, akaniamkia, akasema figo imejaa usaha.

“Toa jiwe, pesa ipo,” nikamwambia.

“Baba, jiwe litangoja. Usaha ukiingia kwenye damu, tutakupoteza. Lazima tuutoe sasa hivi. Tupitishe mrija chini, kwenye njia ya mkojo, au tutoboe mgongoni?”

“Chini hapana.”

Mke wangu akaguna. “Watoto saba, bado unalinda nini?”

Nikalala kifudifudi, nikachomwa ganzi, mrija ukaingia hadi kwenye figo. Nilikuwa macho! Mfuko ukajaa kitu kizito kama togwa, na kufikia jioni homa ikashuka. Kila aliyekuja kunipa pole kutoka Kilosa nilimwinulia mfuko aone.

Figo ilipona, jiwe likatolewa baadaye. Vyote vilinigharimu shilingi 2,846,500.