Mtu Aliyenitua Mzigo Kwenye Mianzi ya Elgon

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, alasiri ikielekea jioni, nikiwa na akili zangu zote. Nayasema mapema kwa sababu nawajua watu. Ukiwaambia jambo la namna hii, wa kwanza huuliza ulikuwa umekunywa nini. Mimi busaa sinywi. Tena ni mtu wa haya. Hata nikitumwa kuomba chumvi kwa jirani, husimama kwanza nje ya mlango nikipanga maneno. Je, mtu kama huyo atajitungia uongo ili watu wamtazame?

Sisi ni watu wa upande wa Chwele. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa wamisheni, kisha nikaja kutafuta kazi Kitale, nikawa nalala kwa mjomba wangu Kiminini. Kazi niliyoikuta kila mahali ni kung'oa magugu katika mahindi ya watu, na hiyo hata kwetu ipo. Halafu nikasikia kwamba Wazungu wengine wa mashamba hupenda kupanda mlima Elgon, si kwa kutafuta kitu, kupanda tu na kurudi, na kwamba wanataka wapagazi. Nyapara wa wapagazi hao alikuwa mzee aitwaye Wekesa, mrefu, mkavu, aliyebeba mizigo katika vita vya Wajerumani akarudi mzima. Aliniangalia shingo kama mtu anayenunua ng'ombe wa kulima, akasema, "Utajaribiwa safari moja."

Kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote. Nilitaka kuona juu ya mlima ambao nimeutazama tangu utoto, na nilitaka kuwa mtu anayeitwa kazini kwa jina lake.

Sasa, mama aliposikia kwamba nitalala mlimani kwenye baridi, alikuja mwenyewe kwa miguu mpaka Kiminini, mzigo kichwani. Alinifungia sufuria mpya aliyoinunua sokoni Chwele, unga wa wimbi, mkungu mdogo wa ndizi mbichi, njugu za kukaanga, kibuyu kikubwa cha maji, koti la marehemu baba, na juu ya hayo yote kuni kavu, kwa kuwa alisikia kuni za huko juu hazishiki moto.

"Mama, tutapewa posho," nikamwambia.

"Posho ya kupimwa haimshibishi mtoto wangu," akasema, akakaza fundo kwa meno.

Ningesema nini? Kwetu, mama akikufungia safari, hufungui. Wala hurudi nyumbani ukamwambia kitu chake ulikitupa njiani. Afadhali uvunjike shingo.

Siku ya safari nilipewa kubeba turubai la hema la Bwana, yule Mzungu tuliyempandisha. Juu yake nikafunga mzigo wangu. Simiyu, kijana wa rika langu, akaniinulia kichwani huku akiguna, na wenzake wakaanza.

"Tazameni, duka la Mhindi linahama."

"Wewe duka, una sabuni?"

"Sabuni imekwisha, si uulize misumari."

Nilicheka nikitazama chini. Nyapara Wekesa hakucheka. Alikuja akagusa zile kuni.

"Hizi unazipeleka msituni kumwonyesha nani?"

"Ni mama, mzee."

"Mama atakuja kukubebea?"

"Hapana, mzee."

"Basi sikia. Mzigo ukikuzidi, fungua utupe. Turubai lisipofika kwenye pango tutakapolala kabla ya giza, kesho wewe unarudi Kiminini kung'oa magugu. Na usipofika wewe mwenyewe, usiku wa juu kule hauna huruma."

Nikaitikia ndiyo. Sikutupa kitu.

Kama hujawahi kubeba kwa kichwa, kuna jambo hulijui, nami lazima nikueleze. Mzigo mzito hujitwiki mwenyewe. Unahitaji mtu wa kukutwika, yeye akiinua upande wake na wewe wako, mpaka ukae juu ya ngata. Kwa hiyo mpagazi aliyeachwa nyuma peke yake hatui. Akitua ili apumzike, nani atamwinulia? Hutembea hivyo hivyo, shingo ikiwaka, mpaka afike au aanguke.

Ndivyo nilivyotembea mimi. Kwenye msitu wa miti mikubwa bado niliiona migongo yao. Tulipoingia kwenye mianzi nilisikia sauti zao tu, Simiyu akiimba. Kisha hata sauti sikuzisikia. Ukungu ukashuka, na baada yake mvua ya mawe, ikipiga mianzi kama mahindi yanayokaangwa. Matope yalikuwa ya utelezi. Miguu ilianza kutetemeka, na macho yakawa yanaona vinyota. Niliomba Mungu anipe mtu mmoja tu. Wa kunitua na kunitwika tena, basi.

"Tua," sauti ikasema.

Alikuwa ameketi pembeni ya njia, juu ya mianzi iliyoanguka. Mzee si mzee, kijana si kijana. Alivaa kaptura kuukuu na kipande cha blanketi begani, na shingoni kamba yenye kibati cha duara. Utosini hakuwa na nywele. Pamelika pakang'aa, kama wanavyokuwa wale waliobeba miaka mingi. Nikadhani ni mrina asali wa huko mlimani.

"Mulembe, baba," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Mulembe. Tua."

"Siwezi, baba. Niko peke yangu. Nani atanitwika?"

"Na mimi nimekaa hapa kwa kazi gani?"

Akasimama nyuma yangu. Vidole vyake viligusa kisogo changu, na niamini, vilikuwa na ubaridi wa maji ya kijito asubuhi. Mzigo ukanitoka kichwani bila uzito wowote, kama mtu anayevuliwa kofia. Nikakaa chini.

Niliponyanyua uso wangu nikaona anafungua fundo la mama.

"Baba, hizo ni za mama."

"Najua. Nani mwingine hufunga hivi?" Akatoa kibuyu. "Unasikia nini huko bondeni?"

"Mto."

"Na mbele kule kuna nini?"

"Sijui."

"Mto," akasema, akamwaga maji yote.

Kuni akazilaza pembeni. Akapima unga kwa mkono, akaniachia kiasi cha chakula cha usiku mmoja. Ndizi akaziweka kando, njugu akanitilia mfukoni. "Hizi huhitaji moto wala kusimama. Tafuna ukitembea." Koti la baba akalitoa chini kabisa ya mzigo, akanitazama jinsi nilivyokuwa nikitetemeka, akalitazama koti. Akaninyoshea. Nililivaa kwa aibu.

Ikabaki sufuria. Nilikuwa nimeishika mkononi bila kujijua.

"Mnakula pamoja watu wangapi?"

"Watano."

"Na masufuria?"

Nikawafikiria wenzangu mmoja mmoja. "Matano."

"Mnakwenda kupika au kufungua soko?" Akacheka, kicheko kizuri cha mtu wa nyumbani, nami nikacheka. Lakini sikuiachia. Nilimwambia mama aliinunua mpya, na kwamba ataiuliza.

Akachuchumaa mbele yangu. "Mimi nilikataa kutua," akasema polepole. "Kijana, mama atakaa mlangoni akingoja sufuria au akikungoja wewe?"

Nikaiachia.

Ndipo nilipoona. Mvua ya mawe ilikuwa ikiruka juu ya turubai, ikinipiga mimi kichwani na kurukia kando. Kwake haikuruka. Ilipita ikaanguka ardhini moja kwa moja, hapo hapo alipochuchumaa. Na matopeni, kuzunguka mzigo ambao alikuwa ameuzunguka kila upande, nyayo zilikuwa zangu tu. Unaniuliza kwa nini sikukimbia? Nami nakuuliza, ningekimbilia wapi, mzigo ukiwa chini na yeye ndiye wa kunitwika? Na nikueleze ukweli, hofu ilikuja, lakini haikukaa. Hajawahi kunitazama mtu nisiyemjua kwa upole namna ile.

Alilikunja turubai upya, refu na jembamba, akalikaza kwa kamba, akanitwika. Lilikaa juu ya ngata kana kwamba lilizaliwa pale.

"Nyapara wenu ni Wekesa?"

"Ndiye."

"Bado anawapigia watu kelele?"

"Anawapigia."

"Mwambie yule wa sufuria ametua."

Nikaenda. Nyuma yangu nilisikia sufuria ikigonga kuni, nga, nga, ikishuka mlima, kisha kukawa kimya. Sikugeuka. Nilitafuna njugu nikapanda, na mwanga ulikuwa bado upo nilipouona moshi wa wenzangu mbele ya pango.

Simiyu alinitua. "Duka limefungwa?" akauliza. Nyapara akaja, akautazama mzigo, akaupima kwa macho ule mkunjo wa turubai. Niliona uso wake ukibadilika.

"Nani amekufunza kukunja hivi?"

Kwa mtu wa haya, kusema mbele ya wanaume kumi kando ya moto ni kazi kuliko kubeba. Lakini nilisema yote. Nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho, nyapara alivua kofia yake.

Alitueleza. Waliporudi kutoka vitani walikuwa wawili, wakipita mlimani hapa, kwa kuwa kwao yule mwenzake kulikuwa upande wa Kapsokwony. Huyo mwenzake alikuwa amemchukulia mama yake vitu: vitambaa, chuma cha kupigia pasi, na sufuria kubwa. "Nilimwambia tua, tutupe, tufike. Akasema miaka yote amebeba vya watu, na hiki ni cha kwanza kuwa cha mama yake, hakitui. Tukagombana. Mimi nikatangulia." Akaigeuza kofia mikononi. "Asubuhi nilirudi kumtafuta. Nilimkuta amekaa, ameegemea mianzi, kibati chake cha vita shingoni. Mzigo ulikuwa bado kichwani."

Hakuna aliyefanya mzaha.

"Hebu sema tena," nyapara akaniambia. "Alisema ametua?"

"Alisema ametua, mzee. Na alikuwa akicheka."

Akapangusa uso kwa kofia, akaweka gogo motoni. "Lala karibu na moto hapa," akasema. "Kuanzia leo turubai ni lako, safari zote." Na jina langu akalitaja, mara ya kwanza.

Tulipokuwa tukirudi chini, tulipita mahali pale. Hatua chache chini yake, sufuria ya mama, iliyonunuliwa wiki ile ile, ilikuwa imelala kando ya njia, imeliwa na kutu mpaka imetoboka, na chipukizi la mwanzi, nene kama kidole gumba, limepita katikati ya kitako chake na kukua juu. Wote waliiona. Simiyu alinyosha mkono aichukue akawaonyeshe watu wa Kitale, nyapara akampiga kofi mkononi. "Acha. Ina mwenyewe." Tangu hapo Simiyu haniiti duka.

Nilikwenda Chwele kumweleza mama. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, kwa sababu ya ile sufuria. Alinisikiliza huku akipepeta wimbi, hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amekonda?"

"Kidogo, mama."

Akaendelea kupepeta. Safari iliyofuata nilimkuta kwa mjomba, amekuja na vifurushi viwili vidogo vya njugu, kila kimoja kinaenea kiganjani. "Hiki chako," akasema. "Hiki cha yule. Mwachie pale pale."

Hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka leo, nami nimepanda mlima ule safari nyingi, na naupenda. Njugu nikirudi sizikuti. Labda ni panya wa msituni, siwezi kukataa. Lakini kisogo changu hakijapata joto tangu siku ile, pale palipoguswa na vile vidole. Siku za kawaida hupasahau. Nikianza kufunga kitu nisichokihitaji, hata kiwe kidogo kama kikombe cha pili, ubaridi huamka, nami hukitoa.

Wewe unayesoma, ikiwa siku moja utapita kwenye mianzi ile na ukungu ukashuka, usiione hadithi hii kama ya kupitisha jioni. Usichukue kitu utakachokikuta kando ya njia, hata kikiwa kizima. Na ukisikia mtu akikuambia tua, tua. Usimweleze haraka yako, wala usimweleze nani alikupa ulichobeba, hayo anayajua. Ukikataa hatakulazimisha. Atakaa tu pembeni akikutazama ukipita, na kutoka hapo mpaka juu hakuna mtu mwingine wa kukutwika.