Mimba Iliyokataa Kisima

Tangu wiki iliyopita Nanyama alikuwa hakanyagi kisimani, na ploti nzima ya vyumba vya kupanga pale Mutuini ilishajua sababu: mimba imekataa maji. Aliyesema ni Mama Joash wa mlango wa kwanza, ambaye mimba zake yeye zilikataa vitunguu, sabuni na hata mumewe. Nani angembishia?

Zedekiah, mumewe Nanyama, aliliamini neno hilo lote. Ni fundi bomba wa maghorofa ya Kilimani, basi kila jioni akawa anarudi na mtungi wa maji umefungwa nyuma ya pikipiki, anautua mlangoni kwa maringo kama aliyeleta ng'ombe wa mahari.

"Maji matamu haya, mama. Mpe mtoto anywe."

Nanyama alikunywa, akashukuru, akageukia ukuta. Angemwambia nini, jamani?

Kipandauso alikijua tangu utotoni. Ndicho kilichomtoa kazini River Road, katika duka la uchapishaji, mimba ilipoanza kukua na harufu ya wino ikawa inamtapisha. Kinaanza na vimulimuli pembeni mwa jicho, kisha upande mmoja wa kichwa unagongwa, unagongwa, hata mlango ukifunguliwa kidogo mwanga unamchoma. Hicho alikizoea. Lakini safari hii kilikuja na mwenzake. Maumivu yakishapoa, inaingia huzuni isiyo na msiba, machozi yanamtoka juu ya sahani ya ugali. Halafu asubuhi moja, amefunua kisima ateke maji, likamjia wazo taratibu, kwa upole kabisa, kwamba hapo angepumzika.

Mungu wangu! Aliacha ndoo palepale, akarudi ndani ameshika tumbo kwa mikono miwili. Mtoto akacheza humo, hana habari. Tangu hapo Nanyama alijiogopa mwenyewe.

Kliniki walipomuuliza hali, alijibu, "Ni kichwa tu." Kichwa kina heshima yake, bwana! Ukisema kichwa, majirani wanakuletea uji. Ukisema hili lingine, utaitwa mwenda wazimu, na mtoto wako je, atapewa nani?

Jumamosi mchana Zedekiah akaingia amechangamka. Nanyama alikuwa kitandani, leso imemkaza kichwa, pazia limeshushwa.

"Nimeongea na mzee Mbugua," akasema. Mbugua ndiye mwenye ploti. "Kesho nakisafisha kisima mimi mwenyewe. Nitoe tope, kisha nikiache wazi wiki nzima kipate hewa. Utakunywa mpaka useme basi!"

Nanyama akapiga hesabu. Wiki nzima, wazi, na yeye peke yake nyumbani.

"Usikifungue."

"Kwani kuna nini? Si ni kwa ajili yako?"

"Zedekiah, kifunge! Kifunge na kufuli, na ufunguo ukae nao wewe."

Mumewe akacheka. "Mimba hii nayo! Sasa imegombana na kisima kabisa?"

"Maji hayana shida." Alisema amefumba macho, maana kumtazama asingeweza. "Nikisimama pale, nawaza kujitupa. Sitaki kufa, lakini nawaza."

Kicheko kikamkauka Zedekiah. Akatoka bila neno, na Nanyama akajua ameachwa. Kisha akasikia kifuniko kikiburutwa kule nje, Mama Joash akifoka kwamba ana nguo za kufua, na kufuli likibanwa.

Zedekiah aliporudi, alikuwa ameshika ufunguo mkononi.

"Vaa viatu. Twende kliniki."

"Watasema nina wazimu."

"Waseme! Mimi nakutaka hai."

Kliniki, nesi alimpima presha kwanza, maana maumivu ya kichwa ya mjamzito si ya kuchezewa. Akauliza miguu kama imevimba. Kisha akauliza kama kuna lingine. Zedekiah, kwa mazoea ya kumsemea mkewe, akafungua kinywa. Akakifunga.

Nanyama akatazama sakafu.

"Nawaza kujiua," akasema.

Nesi akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu. "Ilianza lini?" akauliza, kwa sauti ileile aliyoulizia miguu. Nanyama akaangua kilio mbele ya watu, kisha akamwambia yote.